Nibakishie Kokwa

Mtoto wa Kitanzania aliyepita shule ya msingi amepata kusimama mstari wa mbele, mikono imenyooka ubavuni, akamweleza mgeni rasmi kwa sauti ya juu faida za elimu, maji safi au chandarua. Ngonjera ndiyo shule yetu ya kwanza ya uigizaji. Mathias Mnyampala, mshairi aliyeziasisi, alizikusudia kwa umma, na umma wa shule hukaa uwanjani, mchana wa jua, ambako asiyepaza sauti hasikiki. Binti wa dada yangu alikuwa bingwa wa ngonjera shuleni kwao. Kwa hiyo tangazo la kutafuta sauti za watoto kwa ajili ya katuni lilipofika kwenye kundi la wazazi, mwalimu wake alimpigia dada simu siku ileile. Dada akanipigia mimi, kwa kuwa miaka ya nyuma nilitangaza redioni na kucheza michezo ya redio.

Walitaka watoto wa miaka 7 hadi 10. Rekodi fupi itumwe kwanza, watakaochaguliwa waitwe studio kwa usaili. Dada aliniuliza jambo moja tu: "Mdogo wangu, hii ni kazi kweli, au ni mambo ya mjini?"

Nilimjibu kwamba ni kazi, tena inakua. Sisi tuliokulia Redio Tanzania Dar es Salaam tulijua nguvu ya sauti isiyo na sura. Debora Mwenda alipokuwa na kipindi chake cha Mama na Mwana, nyumba nzima ilinyamaza, na hakuna aliyelalamika kwamba hamwoni anayesimulia. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na watu wakaifuata kama ya kwao. Leo Azam TV inaonyesha tamthilia za Kituruki ambamo masultani wanazungumza Kiswahili. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, limewapa watoto wetu Ubongo Kids na Akili and Me, katuni zilizotengenezwa hapahapa. Nyuma ya kila kinywa kinachofunguka kwenye kioo yuko mtu aliyesimama mbele ya maiki, na mara nyingine mtu huyo ni mtoto hasa.

Nasema mara nyingine kwa sababu studio nyingi duniani hukwepa watoto. Bart Simpson, yule mtukutu wa Marekani, sauti yake ni ya mwanamke mtu mzima, Nancy Cartwright, tangu mwaka 1987. Mtoto huchoka, ana mitihani, na akiwa wa kiume koo lake hubadilika katikati ya kazi. Mtayarishaji anayeamua kumtumia mtoto wa kweli anakubali usumbufu huo kwa sababu kuna kitu anachokitafuta ambacho mtu mzima huweza kukiigiza tu. Mtoto hukata pumzi mahali pasipotarajiwa. Wazo humjia kabla sentensi haijaisha, akalikimbilia. Ukimnyoosha kila kitu kiwe sawasawa, umemwondolea kilekile alichoitiwa.

Hilo ndilo nililoliweka moyoni nilipokwenda kwa dada, Tabata, kumwandaa binti.

Karatasi waliyotuma ilikuwa na mistari michache ya mbega mdogo aliyenyang'anywa embe na nyani mkubwa. Mbega anauliza nani amechukua embe lake. Anamwona nyani. Anasema: "Wewe ni mkubwa, mimi mdogo. Haya, kula. Lakini nibakishie kokwa."

Binti aliisoma kwa sauti ya paredi. Kila sentensi ilipanda mwishoni, na kwenye neno "mkubwa" mkono wa kulia ulichomoka wenyewe ukaelekea dirishani. Dada alipiga makofi, na alistahili kupiga, maana mtoto alisoma bila kukwama hata mara moja. Lakini maiki iko umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni. Mbele yake hakuna uwanja wala mgeni rasmi. Kuna sikio moja lililo karibu sana, na sikio hilo halihitaji kupigiwa kelele.

Nilimwomba anipe karatasi, nikaiweka kando. Ulikuwa msimu wa maembe. Tulikaa kwenye mkeka barazani tukamenya, na nikawa namuuliza maswali. Nyani amekaa wapi, juu ya tawi au chini? Yuko karibu kiasi gani, unaweza kumgusa? Ameshaanza kula? Ulimjua kabla ya leo? Alijibu yote haraka kama anayeelezea mambo ya jirani. Kisha nikamuuliza kwa nini mbega anataka kokwa.

Alinitazama kwa mshangao. "Mama mdogo, si kokwa ndiyo tamu? Nyama inaisha sasa hivi. Kokwa unakaa nalo mpaka jioni."

Dada na mimi tuliusoma mstari ule kama kilio cha mnyonge anayeomba makombo. Kwa mtoto wa miaka tisa ulikuwa ujanja. Mbega anamwachia jitu kile kinachoisha upesi, yeye anabaki na kinachodumu, na nyani hajui. Aliporudia maneno bila karatasi, sauti ilishuka kwenye "lakini", akavuta pumzi ndogo, akasema "nibakishie kokwa" kwa namna ya mtu anayeficha furaha. Hakuna mtu mzima katika nyumba ile ambaye angeweza kumfundisha asome hivyo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mzazi asimsemee mtoto mstari ili auige. Mtoto ana sikio kali. Ukimwambia "sema hivi", atarudisha wimbo wako kama ulivyo, na anayesikiliza atamsikia mama ndani ya kinywa cha mwana. Ubaya zaidi huja studio, pale muongozaji anapomwambia, "Sasa sema ukiwa na usingizi." Mwenye maana ya maneno ataibadilisha sauti kwa sababu anamjua nyani, analijua tawi, anajua anachokitaka. Mwenye wimbo wa kukariri hana cha kubadilisha. Atauimba uleule, polepole zaidi.

Kusemewa kuna nafasi yake, sikatai. Filamu ya A Charlie Brown Christmas ya mwaka 1965 ilitumia sauti za watoto wa kweli, na Kathy Steinberg, aliyekuwa Sally, hakuwa amejua kusoma. Maneno alitamkiwa kipande kipande, naye akayarudia, kisha vipande vikaunganishwa. Kwa mtoto mdogo kiasi hicho hakuna njia nyingine ya kuyafikisha maneno mdomoni. Ila waliotengeneza Monsters, Inc., iliyotoka mwaka 2001, walikuwa na Mary Gibbs, mtoto mdogo mno wa kutulia mbele ya maiki, na walichofanya ni kumfuata na maiki huku akicheza. Kicheko na vilio vya Boo, mhusika wake, vilitokana na mchezo ule. Nikilazimika kuchagua kati ya njia hizo mbili, nachagua ya pili.

Kurekodi nyumbani ni kazi nyingine kabisa, na hapa mzazi ana mengi ya kufanya kuliko mtoto. Dar es Salaam haina ukimya wa bure. Kuna feni, kuna friji inayonguruma na kunyamaza, kuna jogoo wa jirani asiyejua saa, bodaboda, muuza vitumbua, na baiskeli ya aiskrimu yenye muziki wake. Nilikaa chumbani nimefumba macho nikaorodhesha kila nilichokisikia, kisha tukavizima vile vinavyozimika. Tulichagua asubuhi ya Jumamosi, saa nne, wakati nusu ya mtaa uko sokoni. Kabati la nguo la dada tulilifungua milango yote miwili, lote limejaa khanga na vitenge, na binti akasimama kulielekea. Godoro tuliliegemeza ukutani nyuma yake. Nguo na godoro humeza mwangwi, na mwangwi ndio unaoifanya rekodi isikike kama imefanyiwa bafuni. Chumba chenye paa la bati kwenye mvua hakina dawa. Ahirisha.

Simu tuliipandisha juu ya vitabu, shubiri moja kutoka kinywani, pembeni kidogo, isiwe usawa wa midomo. Sauti za p na b hutoka na pumzi, na pumzi hiyo ikigonga maiki moja kwa moja hutoa mshindo. Tuliweka simu katika hali ya ndege ili isiite katikati ya mstari. Bangili tulivua. Maziwa hatukumpa asubuhi ile kwa kuwa huacha hisia ya utando kooni, tukampa maji, na kipande cha tufaha, kinachopunguza ule mlio wa mate unaosikika maneno yanapoanza. Kisha akajitaja jina na umri, akanyamaza kidogo, akasema maneno ya mbega. Dada alitaka turudie mpaka ikamilike. Niliomba tuishie pale mtoto alipokuwa bado anafurahi. Rekodi tuliituma ikiwa faili kamili, kwa njia ya kuambatisha hati, maana ujumbe wa sauti wa WhatsApp huibana sauti ikapoteza mengi.

Katikati ya kusubiri, studio nyingine ilimpigia dada. Walisema wamesikia habari za binti, wana nafasi, alipe tu ada ya usajili na ya picha. Hatukulipa wala hatukwenda. Usaili wa haki hautozi fedha. Anayemhitaji mtoto ndiye anayelipa, na anayetaka alipwe na mtoto anafanya biashara nyingine.

Wale wa kwanza walituita. Chumba cha kusubiria kilijaa wazazi, na karibu kila mmoja alikuwa ameinama sikioni kwa mwanawe akimsomesha. Palikuwa na baba aliyekuwa akimfuta mwanawe jasho na kumkumbusha asiseme haraka, na mtoto alikuwa akitikisa kichwa bila kusikia tena chochote. Nilimwonea huruma baba yule, maana upendo wake ulikuwa dhahiri. Binti yetu nilimwachia kitabu cha kuchora. Neno moja nililomwekea akilini lilikuwa hili: wakikuambia urudie, hujakosea, wanataka kusikia ukisema kwa namna nyingine. Shuleni kurudia ni adhabu. Mtoto asipoelezwa mapema kwamba studio ni tofauti, kila "tena" humpunguza sauti, na ikifika mara ya nne utasikia machozi kwenye koo.

Muongozaji alikuwa dada mpole. Binti alimpa shikamoo, akawapa shikamoo mafundi mitambo wote kwenye chumba cha pili, mmoja baada ya mwingine, na watu wakacheka kwa furaha. Tukaambiwa wazazi wabaki nje. Niliomba nikae mahali ninapomwona, wakanipa kiti nyuma ya kioo, mgongoni mwake. Hapo ndipo penye nafasi ya mzazi, kwa maoni yangu. Mtoto akikuona usoni atakuchezea wewe, atatafuta kibali chako kila baada ya neno. Lakini studio inayokataa usimwone kabisa mtoto wako, mchukue uondoke naye. Jambo hilo sina mjadala nalo.

Walimvalisha hedifoni zilizomzidi kichwa. Alisema mstari wa kwanza, muongozaji akamwambia ajaribu akiwa na hasira. Akasema. Ajaribu akiwa anakimbia. Alikimbia kweli, miguu ikapiga sakafu, na fundi akainua mkono. Muongozaji hakumkemea, alimwonyesha jinsi ya kuhema kwa kifua huku miguu imetulia, na binti akalipata jambo lile kwa jaribio moja. Kisha akaulizwa swali nililomuuliza barazani: kwa nini mbega anataka kokwa? Alijibu kama alivyonijibu mimi. Kupitia kioo nilimwona muongozaji akiandika.

Nafasi ya mbega hakuipata. Walimpa mvulana mwenye sauti nzito kidogo, yenye mikwaruzo, na baadaye nilipoisikia nilielewa. Mbega yule alikuwa wake. Jambo hili mzazi alibebe kabla ya kwenda, maana sauti huchaguliwa kwa jinsi inavyokaa pamoja na sauti nyingine, na mtoto hodari anaweza kukosa kwa sababu tu sauti yake inafanana mno na ya mhusika mwingine. Katika The Lion King ya mwaka 1994, Simba mdogo alihitaji watoto wawili, Jonathan Taylor Thomas wa kuzungumza na Jason Weaver wa kuimba. Hakuna kati yao aliyekuwa na upungufu. Dada alitaka kumficha binti habari ile mpaka wiki ya mitihani ipite. Tulimwambia jioni ileile, kwa maneno machache, naye akauliza kama mvulana huyo anajua habari ya kokwa.

Baadaye waliita tena. Walihitaji watoto wa sokoni, kundi la wanaocheka, wanaouza, wanaomzomea nyani, na mstari mmoja wa muuza karanga ambao walitaka uwe wa binti.

Hapo ndipo karatasi zilipoanza, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazazi wengi hukimbilia kalamu.

Kwanza sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na umri wa chini wa ajira ni miaka 14. Mkataba wa 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, ambao Tanzania imeuridhia, katika kifungu cha 8 unaacha mlango kwa maonyesho ya sanaa: kibali kitolewe kwa mtoto mmoja mmoja, saa zake ziwekewe mpaka, na masharti ya kazi yaandikwe. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtayarishaji lilihusu kibali na saa. Alilijibu karatasi zikiwa mkononi, bila kukasirika. Tulikubaliana Jumamosi tu, mapumziko yawe mengi, na siku ya mtihani isiguswe.

Pili fedha. Jackie Coogan alikuwa mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin katika The Kid mwaka 1921, akawa mmoja wa watoto waliopata fedha nyingi kuliko wote Hollywood. Alipokua akakuta mama yake na baba yake wa kambo wamezitumia. Alikwenda mahakamani mwaka 1938, na mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria iliyobeba jina lake. Leo sheria hiyo inataka angalau asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe mahali ambapo wazazi hawawezi kuigusa. Dada alifungua akaunti ya mtoto benki, na malipo ya muuza karanga yaliingia humo yote. Yalikuwa madogo. Udogo wake si sababu ya kuyapitisha kwenye bili ya umeme.

Tatu ni kile kilichonikosesha usingizi. Mkataba ulikuja kwa Kiingereza, kurasa kadhaa, ukaletwa siku ya kurekodi, na tukaombwa tusaini wakati watoto wengine wakiwa wameshaingia ndani. Kilikuwamo kipengele kilichowapa sauti ya mtoto kwa matumizi yoyote, milele, kwa teknolojia iliyopo na itakayokuja. Zamani maneno hayo yangehusu kanda na santuri. Sasa kuna mashine zinazoweza kujifunza sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi na kumsemesha asiyoyasema. Mtoto wa miaka tisa akisainiwa hivyo, mtu mwingine ataweza kumsemesha akiwa na miaka arobaini. Niliomba kipengele kiandikwe upya: sauti itumike katika katuni hii peke yake, na isitumike kutengeneza sauti bandia. Mtayarishaji alisoma, akapiga simu, akakubali. Ilichukua dakika chache tu, na wazazi wengine waliokuwapo wakaomba nao waandikiwe hivyo.

Binti alirekodi akacheka na wenzake, akauza karanga zake, akarudi nyumbani akalala kwenye daladala. Jina lake limo kwenye orodha inayopita mwishoni mwa katuni.

Watayarishaji wetu wengi wanawapenda watoto, nimewaona kazini na ninawaheshimu. Ninawaomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Andikeni mkataba wa mtoto kwa lugha ambayo mama yake anaisoma, mpeni aende nao nyumbani, na msimpe kalamu kabla ya siku ya tatu.